Kompyuta Nzito na Bibi Harusi wa Shavu Moja

Studio ya picha katika miji ya Kahama, Katoro, Geita na Shinyanga ni biashara inayofanya kazi nyingi ndani ya chumba kimoja, kwa kuwa mahali panapopigwa picha ndogo za maombi ya kazi ndipo panapotolewa fotokopi, ndipo panapochapwa mikataba ya kukodi mashamba, ndipo panapoingizwa nyimbo kwenye kadi za simu na, jioni ya mechi ya watani wa jadi, ndipo panapofuatiliwa matokeo. Kazi zote hizo hubebwa na kompyuta moja ya mtumba, ambayo ilitumika kwanza katika ofisi fulani ya Ulaya au Dubai, ikastaafishwa huko kwa heshima, kisha ikasafirishwa kuja kuanza ajira ya pili isiyo na likizo wala kiinua mgongo. Kompyuta hiyo huitwa nzito pale muda unaopita kati ya amri na matokeo unapokuwa mrefu kiasi cha mteja kuuliza kama umeme umekatika.

Mahitaji ya picha katika ukanda huu yana historia yake. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, huu wa mwisho ukafikia ukomo wa uzalishaji mwaka 2021. Na pembeni ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, ambao duara lao, yaani shimo la kuchimbia, likitema dhahabu, hushuka mjini wakiwa na fedha taslimu, viatu vipya na hamu ya kupigwa picha kabla fedha hiyo haijapata shughuli nyingine. Mteja wa aina hii hana haja na picha inayomwonyesha alivyo. Anataka chunusi ziondoke, vumbi la nywele litoweke, shati libadilike kuwa suti, na nyuma yake pasimame gari la V8 au ghorofa za Dubai, na anataka haya yote kabla basi la Katoro halijaondoka stendi.

Haraka hiyo ni jambo jipya. Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, ilifanya kazi katika zama ambazo picha ilipitia chumba cha giza, filamu ikaoshwa kwa dawa ya kudhihirisha na dawa ya kuimarisha, ikakaushwa kwa kuanikwa, na mteja akaambiwa arudi siku nyingine bila kuona kwamba amedharauliwa. Mjini Lamu, Omar Said Bakor alikata picha kwa mkasi na kuziunganisha upya, akitengeneza mandhari ambazo leo zingehitaji programu ya kisasa, na hakuna kumbukumbu yoyote inayodai kwamba mkasi wake uliwahi kuganda katikati ya kazi. Kompyuta ndiyo iliyomwahidi mteja kwamba mambo yatakuwa ya papo kwa papo, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mama mkubwa wa bibi harusi akae kwenye benchi la plastiki kuanzia saa nne asubuhi, akijibiwa kila anapohoji, "Shikamoo mama, ni dakika mbili tu," na kijana ambaye salamu yake imegeuka kuwa mbinu ya kuahirisha.

Ili kuelewa kinachoendelea ndani ya dakika mbili hizo zisizokwisha, ni lazima kuanza na hesabu. Picha ya dijiti ni mkusanyiko wa vidoa vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli, na kamera ya megapikseli 24, ambayo ni ya kawaida kwa wapiga picha za harusi, hutoa picha yenye vidoa hivyo milioni 24. Kila kidoa huhitaji namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na kila namba huchukua baiti moja; kwa hiyo faili ambalo kwenye kadi ya kamera linaonekana kuwa na megabaiti 10 tu, kwa sababu limebanwa, likifunguliwa hutanuka na kuchukua megabaiti 72 za kumbukumbu. Kulainisha uso kwa njia wanayoipenda vijana wa studio huanza kwa kunakili picha nzima na kuweka nakala juu ya asili, tendo linaloitwa kuongeza leya, yaani safu, na kila safu ya ukubwa huo inadai megabaiti 72 nyingine, mbali na hatua zilizopita ambazo programu huzitunza ili mhariri akikosea aweze kurudi nyuma. Kijana anayechagua picha zote 200 za harusi na kuzifungua kwa pamoja katika Photoshop, kwa imani kwamba ameokoa muda, anaidai kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu itafute zaidi ya gigabaiti 14, na hapo hapo kile kiduara cha buluu huanza kuzunguka.

Kompyuta haikatai deni hilo. Mashine yenye adabu zaidi ingesema haiwezi, lakini mfumo wa uendeshaji, ambao ni programu mama inayosimamia nyingine zote, huchukua sehemu ya kazi iliyokosa nafasi katika kumbukumbu ya muda, yaani RAM, na kuihifadhi kwenye diski, halafu huirudisha kila inapohitajika. Tatizo ni kwamba diski ya kizamani ni bamba la sumaku linalozunguka mara 5,400 kwa dakika, likisomwa na kijiti kinachokwenda mbele na nyuma, na kukifikia kipande kimoja cha habari kunachukua kiasi cha milisekunde 15, muda usiomsumbua binadamu lakini ulio mrefu mara laki moja na nusu kuliko muda ambao RAM ingejibu. Mchimbaji anayelisubiri gari lake la V8 litokee kwenye kioo analijua jambo hili kuliko anavyodhani, kwa kuwa ameliona kwenye uchenjuaji: karasha likisaga mifuko 20 kwa siku na anayeosha akamaliza mitano tu, uzalishaji wa siku hiyo ni mifuko mitano, na kununua karasha la pili hakutaongeza hata punje. Prosesa ya kompyuta, yaani sehemu inayofanya hesabu, mara nyingi ndiyo karasha. Diski ndiyo inayoosha.

Pamoja na hayo, tiba ya kwanza inayotolewa katika studio nyingi haihusiani na diski wala RAM. Inaitwa kurifreshi. Mhudumu hubofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye uwanja mtupu wa kioo, huchagua amri hiyo, hurudia mara kadhaa kwa mkono mwepesi kama anayefukuza nzi, kisha hutulia akiitazama kompyuta kwa matumaini. Kinachofanywa na amri hiyo ni kuchora upya alama ndogo zilizo mbele ya kioo, na hakuna kumbukumbu inayofunguliwa wala programu inayopungua. Lakini kwa kuwa baada ya mibofyo hiyo muda fulani huwa umepita, na kwa kuwa kompyuta iliyokuwa imekwama huzinduka baada ya muda kupita, tiba hupata sifa ya kazi iliyofanywa na subira. Utaratibu wa aina hii umeenea Afrika Mashariki yote, na haielekei kwamba maelezo ya kitaalamu yataung'oa.

Tiba ya pili ni kusakinisha kinga dhidi ya virusi, na ya tatu ni kusakinisha kinga nyingine juu ya ile ya kwanza. Hofu hiyo ina msingi wake, kwa sababu studio inayopokea vifaa vya kuhifadhia faili kutoka mifukoni mwa watu 40 kwa siku hupokea pia vilivyomo, hasa kile kirusi kinachoficha mafolda yote na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Lakini kinga mbili zikikaa katika kompyuta moja, kila moja huchunguza faili lile lile linapofunguliwa, na wakati mwingine kila moja humshuku mwenzake kuwa ndiye mwizi, hivyo picha ya mtoto wa shule ya awali hupekuliwa na walinzi wawili kabla ya kukatwa ukubwa unaotakiwa. Kinga inayokuja na Windows yenyewe, ikiachwa ifanye kazi na kupewa masasisho, humtosha mwenye studio, naye akiongeza tabia ya kukagua kila kifaa kabla ya kukifungua hahitaji mlinzi wa pili.

Chanzo kikubwa kuliko virusi, na ambacho hakuna anayependa kukitaja mbele ya mwenye duka, ni filamu. Diski ya kompyuta ya studio hubeba mamia ya sinema za Kihindi na za Kikorea zenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, pamoja na nyimbo za Bongo Fleva na za kwaya, kwa kuwa kuziingiza kwenye simu za wateja ni kipato cha kila siku kisichosubiri msimu wa harusi. Programu ya kuhariri picha, kwa upande wake, huhitaji nafasi wazi kwenye diski ya kuwekea kazi za muda pale RAM inapojaa, na nafasi hiyo ikikosekana hutoa ujumbe kwamba diski imejaa na kazi haiwezi kuendelea. Kwa hiyo ipo saa, na kwa kawaida ni Ijumaa alasiri, ambapo albamu ya harusi haihifadhiki kwa sababu mfululizo wa Kikorea wa vipindi 60 umeketi mahali pake, na mhudumu hulazimika kuchagua kati ya bibi harusi wa Kahama na binti mfalme wa Seoul. Wapo waliomchagua binti mfalme, kwa hoja kwamba wateja wake hulipa papo hapo.

Baada ya filamu linakuja vumbi, na hili linastahili kuzungumzwa kwa kirefu kwa sababu ndilo alama ya mahali. Sehemu kubwa ya Shinyanga ni nchi kame, na miaka mingi ya kufyeka miti, kwa ajili ya kuangamiza ndorobo, kulima pamba na kupata kuni, iliiacha ardhi wazi kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI, uliohimiza wananchi kurejesha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa yapumzike. Ngitili zilirudi katika vijiji vingi, lakini katikati ya mji kiangazi kinapofika, na magari ya mizigo yanapopita kwenye barabara ya udongo mbele ya duka, vumbi jekundu huingia ndani bila kubisha hodi na kutafuta mahali penye upepo wa kulivuta. Hakuna mahali panapovuta zaidi ya feni ya kompyuta iliyowekwa sakafuni chini ya kaunta.

Ndani ya kompyuta, prosesa imelaliwa na kipande cha chuma chenye mapezi membamba ambacho kazi yake ni kutoa joto, na feni hupuliza hewa kati ya mapezi hayo. Vumbi likijaza nafasi hiyo, joto hukosa njia, na prosesa inapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, jambo linaloeleza kwa nini kompyuta nyingi za ukanda huu ni nyepesi saa mbili asubuhi na nzito saa nane mchana, ilhali mwenye nazo anaamini kuwa zinachoka kama watu. Hali huwa mbaya zaidi pale upendo unapoingilia kati, kwa sababu kompyuta iliyonunuliwa kwa gharama hufunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kile kile kinachofunika redio na runinga sebuleni, na kitambaa hicho huziba matundu ya hewa wakati mashine ikiwa inafanya kazi. Bibi aliyekifuma hakuwa na nia mbaya.

Usafishaji nao una ajali zake. Wapo wanaoipeleka kompyuta kwa fundi wa pancha ili ipulizwe kwa kompresa, na vumbi hutoka kweli, likifuatana na matone ya maji yaliyokuwa ndani ya tangi la upepo, huku feni ikizungushwa kwa kasi ambayo mtengenezaji wake hakuikusudia. Njia iliyo salama ni kuzima na kuchomoa waya wa umeme, kuizuia feni kwa kidole au kijiti isizunguke, kutumia brashi laini na kipulizio kidogo cha mkono, na kwa kompyuta iliyokaa miaka mingi kumwomba fundi abadilishe ile pasta ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma chake, ambayo hukauka kwa muda. Kazi hii haihitaji kusubiri kompyuta izime yenyewe. Kiangazi kikianza na kikiisha ni wakati mwafaka.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Studio iliyo kwenye transfoma moja na mchomelea mageti itaona taa zikififia kila cheche inaporuka, na umeme ukikatika wakati faili linahifadhiwa, faili hilo laweza kuharibika lote. Kifaa cha kutunza umeme kwa muda, yaani UPS, humpa mhudumu nafasi ya kuhifadhi kazi yake, isipokuwa kile ambacho betri yake imezeeka, ambacho hulia mara moja na kumpa nafasi ya kusema "Mungu wangu" tu. Ni katika mazingira haya ndipo huzaliwa bibi harusi wa shavu moja: mhariri amelainisha shavu la kushoto akahifadhi, umeme ukaenda kabla ya shavu la kulia, na uliporudi picha ikachapwa kwa haraka ya kuwahi basi, hivyo familia ikapokea picha ya mtu mmoja mwenye umri wa aina mbili. Kuna pia jambo lisilojulikana sana kuhusu kompyuta mpakato za mtumba: baadhi yake zikigundua kwamba chaja iliyochomekwa si ile zinayoitambua, hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi, na mwenye nayo atatafuta virusi mwezi mzima wakati mkosaji amechomekwa ukutani mbele yake.

Wanaoamua kununua vipuri hukutana na masikitiko ya aina nyingine. RAM zina vizazi, na kibao cha DDR3 hakiingii penye nafasi ya DDR4 kwa kuwa pengo lililokatwa kwenye ukingo wake liko mahali tofauti. Aliyenunua Kariakoo bila kuuliza kizazi huligundua pengo hilo baada ya kusafiri na kibao chake kwa basi zaidi ya kilomita 900, na asiyekubali kushindwa hujaribu kukisukuma kwa nguvu, kosa ambalo huigeuza kompyuta nzito kuwa kompyuta nyepesi kabisa, maana haifai tena ila kuuzwa kwa kilo. Mwingine huongeza RAM ya kizazi sahihi hadi gigabaiti 8, akaona hakuna kilichobadilika, kwa sababu Windows iliyosakinishwa ni ya biti 32, ambayo kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiipa ghala zima.

Kipuri kinachobadilisha maisha ya studio kuliko vyote ni SSD, diski isiyo na bamba linalozunguka, inayohifadhi habari kwenye chipu na kuifikia katika sehemu ndogo ya milisekunde. Hata ile ya kawaida inayochomekwa mahali pa diski ya zamani husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali ile ya zamani husoma karibu 100 inapokuwa na bahati. Mfumo wa uendeshaji, programu ya picha na kazi ya siku hiyo vikae kwenye SSD. Diski ya zamani ibakie na binti mfalme wa Seoul, ambaye kasi yake inamtosha. RAM ya gigabaiti 8, kwa Windows ya biti 64, ije baada ya hapo, na 16 kwa anayetengeneza albamu. Prosesa mpya ni ya mwisho katika foleni.

Hata hivyo, ipo tiba isiyogharimu shilingi, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi. Picha ndogo ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa ubora wa vidoa 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531, yaani kama laki mbili na elfu ishirini tu, lakini studio nyingi huhariri picha yote ya milioni 24, zikilainisha kila kinyweleo, kisha huipunguza wakati wa kuchapa na kutupa zaidi ya asilimia 99 ya kazi yote iliyoifanya kompyuta ipate joto. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli milioni 2 na kidogo, na ukurasa mzima wa A4 hauzidi milioni 9. Mhariri anayeitunza picha asilia mahali salama, akafanya nakala, akaikata na kuipunguza nakala hiyo kufikia ukubwa wa kuchapwa kabla ya kuongeza safu ya kwanza, atakuta kwamba kompyuta ile ile aliyotaka kuiuza inakimbia. Na akifungua picha tano tano badala ya 200, na kukifunga kivinjari ambacho kurasa zake zimeachwa wazi tangu asubuhi, mama mkubwa wa bibi harusi ataondoka kabla ya adhuhuri.

Linalobaki linawahusu wateja, ambao wanaombwa mambo mawili. La kwanza ni kutosimama nyuma ya mhariri na kumwelekeza kwa kidole kwenye kioo, kwa kuwa kidole hakiongezi RAM na kinaacha alama. La pili ni la wale wanaotaka kuwekwa kando ya gari la V8: waje na picha kubwa ya gari hilo, kwa sababu lile lililopakuliwa kwenye simu likiwa na upana wa pikseli 300 halina habari zaidi ya hizo, na likitanuliwa hadi ukubwa wa A4 litakuwa gari la vibao vya mraba, katika kompyuta yoyote, iwe nzito au nyepesi.